Gari Lisilodai Kifurushi

Hii ni hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa chama chetu cha mafundi na madereva, Dar es Salaam. Wanachama wengi walikuwa safarini siku ile, ndiyo maana tumeiandika yote. Picha zilizooneshwa ukutani tumeziacha.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu wa gereji, madereva, akina mama wa maduka ya spea, na nyinyi vijana wa ufundi mliojazana huko nyuma kana kwamba viti vya mbele vinauma: wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo, vijana hamjambo. Nimepewa nusu saa. Mwenyekiti ananijua, ndiyo maana kaweka saa yake mezani.

Watu hunipigia simu kuniuliza, "Mwalimu, nimejikusanya, ninunue gari gani?" Zamani nilianza na ulaji wa mafuta, nikaja kwenye spea, nikamalizia na bei ya kuuzia baadaye. Siku hizi naanza na swali ambalo watu wanaliona la kipuuzi. Namuuliza: hilo gari litakuwa la nani? Ananiambia, "Si langu, kadi ya gari itaandikwa jina langu." Kweli, kadi itaandikwa jina lako. Watu wa kodi, TRA, watakutambua wewe, trafiki atakuandikia faini wewe. Lakini je, gari lenyewe litakutii wewe, au litakuwa na bwana mwingine mahali usipopajua?

Nisieleweke vibaya. Sikuja hapa kuililia Datsun 120Y. Wapo wazee wenzangu wanaosema magari yaliishia miaka ya sabini, haya mengine ni makopo. Mimi nasema aliyewahi kusugua platini za kutolea cheche kwa msasa chini ya mvua, Kitonga, malori yanapita yakimrushia tope, hawezi kuziimbia platini kasida. Kabureta ilikuwa inakunywa petroli na kukasirika kila asubuhi ya baridi kule Mafinga. Injini zenye sindano za petroli na kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, zilipoingia, zilitupunguzia mateso, na mimi nilizipokea kwa mikono miwili.

Kwa hiyo umeme ndani ya gari sina ugomvi nao, kompyuta sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na laini. Gari lenye laini ya simu tumboni mwake, linaloongea na kiwandani wewe ukiwa umelala, na ambalo watu wa huko wanaweza kuliambia: hiki washa, kile zima, mwenyewe hajalipa.

Tuanzie huko yanakotengenezwa.

Mwaka 2022, BMW walikuwa wanauza joto la kiti kwa mwezi. Sikilizeni vizuri. Kwenye nchi za baridi, ndani ya kiti kunapitishwa waya, umeme unapita, unapata joto mgongoni. Mnunuzi kashalipia gari zima. Waya umo, swichi imo. Lakini Uingereza, Korea Kusini na kwingineko, joto lenyewe likawa la kulipia, kama dola 18 kwa mwezi. Usipolipa, waya umelala kitini mwako na wewe umeukalia. (Kicheko.) Watu walipiga kelele, na mwaka uliofuata kampuni ikaachana na habari ya kutoza viti.

Mnadhani yaliishia hapo? Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2022, Mercedes-Benz wakatangaza Marekani kwamba magari yao ya umeme, EQE na EQS, yanaweza kuongezewa kasi ya kuchomoka kwa dola 1,200 kwa mwaka. Hakuna fundi anayefungua boneti. Hakuna mota mpya. Nguvu imo ndani tangu kiwandani, imefungiwa tu. Mwaka 2025 Volkswagen nao, Uingereza, kwenye ID.3: toa paundi 16 na nusu kila mwezi, upewe nguvu ambazo mota ilikuwa nazo tayari. Na Toyota, Toyota wetu huyu tunayemwapia? Mwaka 2021 wateja wa Marekani waligundua kwamba ule ufunguo wa kuwashia injini ukiwa mbali ungeacha kufanya kazi hiyo muda wa majaribio ukiisha, mpaka mtu ajiunge kwa dola 8 kwa mwezi. Ufunguo ule unaongea na gari moja kwa moja kwa mawimbi ya redio, kutoka kibarazani hadi uani. Hauhitaji mtandao wa mtu yeyote.

Kuna kijana aliniambia, "Mwalimu, si kama king'amuzi? Usipolipa, picha zinakatika." Hapana. King'amuzi kuna mtu upande wa pili anayetuma picha mpya kila siku, analipa wachezaji, analipa watangazaji. Kiti chako nani anakitumia joto kutoka angani? Joto linatokana na betri yako, betri inachajiwa na injini yako, injini inakula mafuta yako. Unalipishwa ili mtu asikuzuie kutumia mali yako. Sasa hapo gari ni la nani?

Mtaniambia hayo ni ya Wazungu. Sisi Dar viti vyetu vinapashwa na jua, bure, hata tusipotaka.

Ndugu zangu, tujiulize kwanza sisi ni nani katika biashara ya magari duniani. Sisi ni mmiliki wa pili, na mara nyingi wa tatu. Jirani zetu Kenya wana sheria: gari lililozidi miaka 8 haliingii. Sisi hatujakataza, ila ushuru wa uchakavu unakusubiri bandarini, na wote hapa tunaufahamu. Kwa vyovyote vile, gari linalotoka kiwandani Japani leo tutakutana nalo kwenye meli miaka ya 2030. Na yule aliyekaa mezani akabuni gari la vifurushi alimfikiria mnunuzi wa kwanza tu, mwenye kadi ya benki ya kwao na mtandao wa simu wa kwao. Wewe wa Mbagala hukuwemo kwenye hesabu.

Dalili tunazo tayari. Kuna mtu hapa asiyemjua yule mama wa Kijapani? Unawasha gari, sauti nyororo inatoka kwenye dashibodi. Abiria wanadhani anasema karibu, wengine wanamjibu "asante, mama". Hasalimii mtu yule. Anakwambia kadi ya ETC haijachomekwa, yaani kadi ya kulipia barabara za haraka za Japani. Gari limevuka bahari, limefika Tandika, bado linadai nauli ya kwao! Lakini huyo tunamweza. Fundi umeme anaingiza mkono chini ya dashibodi, anachomoa soketi moja, mama ananyamaza. Kwa nini inawezekana? Kwa sababu kifaa kile kimekaa peke yake, hakijafungamana na chochote. Kwenye magari ya sasa skrini imeshikana na kiyoyozi, kiyoyozi na kamera, kamera na breki. Chomoa kimoja uone taa zinavyowaka.

Na kile kitufe cha G-BOOK kwenye skrini za Toyota, mmekiona? Wengi walidhani ni kitabu cha maelekezo. Ilikuwa huduma ya Toyota ya kuliunganisha gari na mtandao, waliianza mwaka 2002. Machi 2022 ikafungwa hukohuko Japani, mtandao wa 3G uliokuwa ukiibeba ulipozimwa. Kitufe kimebaki. Kibonyeze mpaka kesho. Ila angalieni jambo moja: huduma ilikufa na magari yakaendelea kutembea. Wakati ule mtandao ulikuwa pambo tu, injini ilikuwa haiujui.

Sasa niwape kisa cha mwalimu mmoja wa sekondari, Kigamboni. Alikuwa na Ractis ya 2012, safi, kaitunza. Betri ikafa. Kijana wa betri akambadilishia vizuri tu, hakukosea kitu. Kuwasha, skrini ikaandika Kijapani, ikagoma. Inataka kadi ya SD ya ramani, ile iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Kadi yenyewe ilishachomolewa zamani, sijui Yokohama sijui bandarini, nani ajuaye. Bila kadi hakuna redio, hakuna kuunganisha simu. Ramani yenyewe ni ya Japani! Mwalimu hana haja ya kujua kona za Nagoya. Akaenda Kariakoo kwa vijana wanaouza namba za kufungulia, akalipa, ikafunguka. Betri ilipomsumbua tena, mchezo ukaanza upya. Mwishowe akaing'oa, akafunga redio ya Kichina, akaendelea na maisha yake.

Ile ilikuwa redio. Unaweza kuing'oa redio. Chukua tabia ileile, ihamishie kwenye injini, kwenye milango, kwenye kuchaji betri ya gari la umeme. Utang'oa nini?

Msidhani natunga. Marekani, Februari 2022, kampuni ya simu ya AT&T walizima 3G yao, na magari ya kampuni nyingi yakapoteza huduma za mtandao zilizouzwa pamoja nayo, pamoja na ile ya kuita msaada ajali ikitokea. Nissan Leaf na e-NV200 za zamani za Uingereza, magari ya umeme hayo, zilipoteza programu yake ya simu Aprili 2024, kwa kuwa zilitegemea 2G. Mwenye gari hakukosa kulipa, hakuvunja kitu. Mtandao wa simu tu umepitwa na wakati. Mwishoni mwa 2019 kuna mtu alinunua Tesla ya mkononi kwa muuzaji wa magari, imeandikwa kabisa kwamba ina uwezo fulani wa kujiendesha. Kampuni ikapitia kumbukumbu zake, ikaona hakuulipia yeye, ikauondoa kwa mtandao, gari likiwa limepaki. Magazeti yalipoandika, wakamrudishia. Na ambaye magazeti hayamwandiki je? Mmiliki wa tatu, Mwanza, ataandikwa na gazeti gani?

Kisa cha Fisker ndicho kinachoninyima usingizi. Kampuni ya Marekani, gari la umeme linaitwa Ocean, sura nzuri kweli. Juni 2024 ikafilisika. Hebu fikirini gari ambalo programu zake zote zinashuka kutoka kwa kampuni, na kampuni haipo. Wakodishaji wa magari ya teksi New York wakanunua yaliyobaki, elfu tatu na ushei, wakitegemea kupata na taarifa zake. Baadaye wakaambiwa taarifa za magari hayo haziwezi kuhamishiwa kwenye seva zao, yaani kompyuta zao za kuhifadhia taarifa. Wenye magari wengine wakaunda chama, wanasakana kutafutiana spea na watu wa programu. Magari mapya kabisa hayo, mengine hata mpira wa tairi haujaisha vinyweleo!

Linganisha na Peugeot 504. Ufaransa waliacha kutengeneza saluni yake mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria ziliendelea kuiunganisha miaka mingi baada ya hapo. Leo ukinisukumia 504 hapa, nitaifungua, nitaifunga, na sitampigia simu mtu yeyote Paris. Hilo ndilo gari lenye mwenyewe.

Nije kwenye jambo lingine, hili nitalipita haraka maana linanikasirisha na daktari kanikataza. (Kicheko.) Gari lenye laini linasema mambo yako. Januari 2025 tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, iliwachukulia hatua General Motors. Magari yao yalikuwa yakikusanya mahali dereva alipo, mara nyingine kila baada ya sekunde 3, pamoja na jinsi anavyofunga breki na kukimbia, na taarifa zikauzwa kwa makampuni yanayopeleka ripoti kwa watu wa bima. Mtu anaongezewa bima, hajui nani kamsema. Aliyemsema ni gari lake. Mwezi mmoja kabla, Ujerumani, iligundulika kwamba taarifa za magari ya umeme ya kundi la Volkswagen yapatayo 800,000 zilikuwa wazi mtandaoni, na mengi kati yake yalionesha mpaka yalipolala. Na mwaka 2015 wataalamu wawili, Charlie Miller na Chris Valasek, walikaa nyumbani na kompyuta zao wakalikata nguvu Jeep likiwa barabara kuu, kwa makubaliano na mwandishi wa habari aliyekuwa analiendesha. Magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa.

Hapa kwetu swichi ya mbali si ngeni, tena madereva wa teksi za mtandao wanaweza kunifundisha mimi. Kijana mmoja wa Sinza alichukua gari kwa mkopo, limefungwa kifaa cha mkopeshaji. Rejesho likachelewa. Amempakia mama mjamzito usiku, kasimama kituo cha mafuta, kaweka mafuta, anawasha: kimya. Ikabidi dereva mwenzake amchukue yule mama. Simtetei asiyelipa deni, deni lilipwe. Na kijana yule alijua toka mwanzo kwamba gari bado ni la mwenye pesa, alisaini mwenyewe. Lakini wewe uliyelipa taslimu, ukamaliza, ukapewa kadi, swichi ya gari lako inafanya nini mkononi mwa mtu mwingine? Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hii wala hukuazima, umeinunua, na bado haisitiri.

Sasa ufundi, maana hapa ndipo ugali wetu ulipo.

Kuna dereva wa gari la zahanati kule Simanjiro, ananisamehe simtaji. Anaendesha Land Cruiser mkonga, injini ya 1HZ. Kwa vijana wasioijua: dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina tabo, pampu ya dizeli inaendeshwa kwa gia na si kwa maelekezo ya kompyuta. Ilianza kufungwa mwaka 1990 na dunia nzima ya misaada na hospitali za vijijini imebebwa nayo. Basi siku moja, katikati ya mbuga, njia ya Orkesumet, injini inakohoa, inazima. Akafungua boneti, akafuata mpira wa dizeli kwa vidole kutoka kwenye chujio. Akaukuta umepasuka pale unapoingia kwenye bomba, injini inavuta hewa badala ya mafuta. Akakata kipande kilichopasuka kwa kisu, mpira ulikuwa na urefu wa akiba, akausukuma tena kwenye bomba, akakaza klipu. Akalegeza nati ya bomba kwenye pampu, akapiga ile pampu ya mkono juu ya chujio mpaka mapovu yakaisha na dizeli ikatoka nzima, akakaza. Akaendelea kuipiga mpaka ikawa ngumu mkononi. Ufunguo. Moshi kidogo, injini hiyo. Muuguzi aliyekuwa naye hakuwahi hata kumaliza karanga zake.

Msafara uleule ulikuwa na pikapu mpya ya dizeli, siitaji jina. Wiki hiyohiyo iliwasha taa ya injini, ikajipunguza nguvu, ikawa haipandi hata tuta. Ikavutwa hadi Arusha. Nikaenda kuiona: waya wa sensa umesuguana na chuma ukakatika. Kuuunga kulinichukua muda wa kunywa chai. Lakini gari halikukubali kurudi katika hali yake mpaka ipatikane mashine ya kuliambia kwamba limepona. Nozeli za hizi dizeli mpya nazo zina namba zake. Ukibadilisha, lazima namba iandikwe kwenye kontrol boksi, vinginevyo injini inatetemeka kama ina homa. Na bado hizo tunaziweza, mashine zipo, vijana hawa wanazo kwenye mabegi. Zinazokuja zinataka zaidi: spea ikishafungwa, gari liulize kwanza kiwandani kama fundi huyu anaruhusiwa. Wakulima wa Marekani wameshayaonja kwenye matrekta ya John Deere, mpaka FTC ikaipeleka kampuni mahakamani Januari 2025 kwa kuwabana kwenye matengenezo.

Wenye kudhani gari rahisi ni gari dhaifu, wazee watakumbuka mwaka 1965. Joginder Singh, fundi aliyekulia gereji ya baba yake huko Kenya, alishinda Safari Rally, mashindano yaliyowala madereva wa viwanda vikubwa. Alikuwa na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Mtumba, waheshimiwa! Yeye na ndugu yake Jaswant. Alijua kila nati ya gari lile. Akaja kushinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer.

Sasa niseme upande wa pili, maana wapo mtakaotoka hapa mkanunue makuukuu ya kuua watu mseme nimewaambia mimi. Mwaka 2009 taasisi ya usalama ya makampuni ya bima ya Marekani, IIHS, iligonganisha Chevrolet mbili: Bel Air ya 1959 na Malibu ya 2009. Lile la zamani ni chuma kitupu, zito, limejaa madaha. Kwenye mgongano, chumba cha dereva kilijikunja chote, mtu angekufa. Lile jipya lilibonyea mbele, dereva akabaki na jeraha la mguu. Chuma kinene hakikulindi. Kinachokulinda ni bodi iliyopangiwa pa kubonyea, mkanda, eabegi, yaani mfuko wa hewa, na breki za ABS zisizoacha magurudumu yafunge. Na moshi wa dizeli zilizochoka tunauvuta sisi wenyewe na watoto wetu, tusijidanganye.

Lakini niambieni: eabegi inahitaji kifurushi? ABS inauliza mtandao kabla ya kushika breki? Mercedes waliifunga ABS kwenye S-Class mwaka 1978, kipindi ambacho simu ya mkononi hakuna aliyekuwa nayo mfukoni. Hata eCall ya Ulaya, ambayo tangu 2018 gari la aina mpya lazima liwe nayo, likigonga linapiga simu ya dharura lenyewe: hiyo siipingi. Ni bure na imewekwa kwa sheria, haimdai mtu.

Kwa hiyo ninayoyapendekeza ni magari ya katikati. Tangu 1996 Marekani walilazimisha kila gari dogo liwe na soketi ya OBD-II, ile ya kupimia gari iliyo chini ya usukani, na baadaye Ulaya wakafuata. Kati ya hapo na kuingia kwa laini tumboni kuna kipindi kizuri sana: sindano za petroli zipo, soketi ya kupimia ipo, ABS na eabegi zipo, na gari halina mtu wa kumpigia simu. IST, Raum, Probox, Corolla NZE. Injini ya 1NZ kila mtaa ina fundi wake na kila duka la Kariakoo lina spea zake. Ukienda kulikagua, weka ufunguo ON bila kuwasha. Taa ya eabegi lazima iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, usifurahi! Kuna mtu kaiziba ili usijue kwamba mifuko haimo. Taa ya injini vilevile: ON iwake, injini ikinguruma izime.

Na kama roho imependa gari jipya zaidi, haya, ni pesa yako. Angalia darini karibu na taa kama kuna kitufe cha SOS. Kikiwepo, ujue laini imo. Mwambie muuzaji wa Japani afute akaunti ya mmiliki wa kwanza kabla gari halijapanda meli, maana likishafika hapa hakuna wa kumfuata. Na kabla hujatoa pesa kwenye yadi, omba betri ichomolewe kisha irudishwe, uone gari litadai nini. Wauzaji wengine watakukasirikia. Wakikasirika, umeshapata jibu.

Vijana, nyinyi msiniige ujana wangu wa spana peke yake. Jifunzeni kusoma michoro ya waya na kufungua kontrol boksi na kuitengeneza, si kuibadilisha tu. Jimbo la Massachusetts, Marekani, wananchi walipiga kura mwaka 2012 na tena 2020 kutaka fundi yeyote apate taarifa za kutengenezea gari, na mara zote mbili walishinda. Hapa kwetu sijaona chama chochote cha mafundi kikilipeleka jambo hili mbele, kwa hiyo namwomba mwenyekiti tuliweke kwenye ajenda mchana huu, tuandike barua ya chama kabla magari hayo hayajaanza kushuka bandarini kwa wingi.

Mwenyekiti ananionesha saa. Haya, maswali. Tuanze na yule mama wa safu ya tatu mwenye Leaf, maana tangu nilipoitaja hajashusha mkono.